Swali Kuhusu Sufuria Mbili

Kwetu mtu hapewi kinywaji wala chakula kabla aliyekiandaa hajakionja mbele yake. Anaonja kidogo, anameza, ndipo anakukabidhi. Watu wa nje hudhani ni adabu tu. Ni kiapo. Kwa miaka sita nilikula kiapo hicho kila siku ya masomo, saa sita na nusu mchana, mbele ya watoto mia na ishirini wa shule moja ya Gahanga. Nilisimama na mwiko, wao wakaangalia koo langu. Nikimeza, mstari unasogea.

Ndiyo maana Alhamisi ile, watoto walipoanza kutapika mnamo saa nane, wa kwanza kutazamwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeonja kama kawaida, na nilikuwa mzima.

Naitwa Pudentienne, lakini shuleni wananiita Mama Natacha, kwa jina la binti yangu. Nilikulia Bujumbura, mtaa wa Bwiza, na Kiswahili nilikitoa huko, kabla ya kuvuka mpaka kuja huku. Shule sikwenda, kwa sababu nyumbani alihitajika mtu wa kubeba wadogo zangu mgongoni. Herufi nilifundishwa ukubwani na masista wa parokia, na nilizishika upesi kwa kuwa nilikuwa na hasira. Nilitaka kujua karatasi zinasema nini kabla sijazitia kidole gumba. Ila nilijifunza nimechelewa. Karatasi moja nilikuwa nimekwisha kuitia.

Hiyo ilikuwa Rebero, katika nyumba ya watu wenye heshima, nilikofanya kazi miaka tisa. Mtoto wao wa mwisho nilimlea tangu kitovu hakijakauka. Siku moja akashikwa na tumbo, akalia mpaka sauti ikakauka. Waliniketisha sebuleni, mimi ambaye sebuleni nilikuwa sikai, wakaniuliza, “Umempa nini?” Hawakuuliza kama nimempa kitu. Waliuliza nini. Nililia, nikatia kidole kwenye karatasi mahali waliponionyesha, nikaondoka na mfuko wa nguo. Baada ya siku mbili daktari alisema utumbo wa mtoto ulikuwa umejisokota, wakamfanyia operesheni, akapona. Hakuna aliyenifuata kuniambia. Nilisikia kwa muuza mkaa.

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mlangoni. Kwa Kinyarwanda wanasema umurozi, mtu wa sumu. Évode, mume wangu, alilivumilia miezi minne. Kisha akaanza kujipikia chakula chake mwenyewe. Kisha akaondoka.

Kwa hiyo muelewe woga wangu Alhamisi ile, nilipoona watoto wameinama kwenye nyasi nyuma ya madarasa, na mmoja wao, msichana anayeitwa Kaliza wa kidato cha pili, amelala ubavu huku akininyooshea kidole.

Watoto arobaini na wanane waliugua. Jioni wote walikuwa wamepata nafuu, hata waliopelekwa kituo cha afya walirudi nyumbani kwa miguu yao. Lakini sufuria zilikuwa zimekwisha kuoshwa, na aliyeziosha nilikuwa mimi. Hakukubaki hata punje ya kupimwa. Kesho yake mkuu wa shule, ambaye sote tunamwita Diregiteri, aliniita ofisini.

“Mama Natacha, kamati ya wazazi itakaa Jumatano,” aliniambia bila kuinua macho. “Mpaka siku hiyo hupiki. Utafagia. Wazazi wakiona iko sumu, jambo linatoka mikononi mwangu, linakwenda polisi.”

“Diregiteri, mimi sikutia kitu.”

“Sijasema umetia.”

Hakusema, kweli. Lakini mezani kwake niliona bahasha, na juu yake nikasoma kwa taabu neno moja: Rebero. Sikulala vizuri usiku huo wala uliofuata. Nilimtuma Natacha kwa shangazi yake anayekaa Kagugu, nikamwambia ni kwa sababu ya paa linalovuja. Sikutaka awepo nyumbani kama gari la polisi likija.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu siku zile. Nilijua tatizo lilikuwa wapi, au mikono yangu ilijua. Wiki ile Jean-Paul, ekonomu wetu, yaani mtu anayeshika funguo za stoo na kugawa kuni, alikuwa ameleta kikapu. Kikapu kikubwa, kimesukwa vizuri, ndani kimejazwa mablanketi na majani makavu ya mgomba. Maharagwe yachemke kidogo motoni, alisema, kisha sufuria izikwe kikapuni, joto lenyewe litamalizia kazi. Kuni zitabaki. Alikipenda kikapu kile kama mtu anavyopenda mtoto wa uzeeni. Siku mbili za kwanza hakuwepo jikoni, nasi, mimi na wasaidizi wangu, tuliacha sufuria motoni mpaka ichemke kama tulivyozoea. Alhamisi alikuja mwenyewe, akasimama na saa yake.

“Dakika ishirini. Toa.”

“Ekonomu, bado haya. Pembeni yanatoa povu, katikati yamelala.”

“Kikapu kitamaliza. Toa, mama.”

Nilitoa. Kikapu kilikuwa kimoja, kwa hiyo sufuria ya pili ilibaki motoni mpaka mwisho. Saa sita na nusu nilionja zote mbili. Ile ya motoni nilikula mwiko mzima. Ile ya kikapu nilikunywa mchuzi tu, kidogo, kwa sababu punje zilikuwa zinalia chini ya jino. Niliona hazijaiva vizuri. Nilidhani watoto watanung'unika tu, wataumwa na gesi tumboni. Nikameza, nikanyamaza, mstari ukasogea. Jean-Paul ndiye aliyenipa kazi wakati hakuna aliyetaka kunipa, naye alikuwa anajua habari za Rebero. Woga wangu ndio uliopakua sahani zile.

Jumatatu baada ya masomo nilikuwa nafagia ukumbi wa chakula. Pale ndipo klabu ya sayansi inapokutana, vijana kumi na wawili na mwalimu wao, Shafiq. Mwalimu Shafiq amelelewa Karagwe, Tanzania, na ndiye mtu pekee pale shuleni aliyekuwa akiniamkia shikamoo. Kila muhula klabu huchagua swali moja la kuchunguza. Aliwapa chaki, akawaambia kila mmoja aandike swali lake ubaoni.

Kaliza alitangulia. Alikuwa bado amekonda uso. Akaandika kwa herufi kubwa, nami nikazisoma moja moja nikiwa nimeinama na ufagio: KWA NINI MAMA NATACHA ALITUTIA SUMU?

Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wao.

Mwalimu Shafiq hakukasirika. Alilitazama swali kama mtu anayetazama mbuzi sokoni.

“Kaliza, swali lako lina tumbo kubwa. Limemeza jibu.”

“Lakini ni kweli, ticha.”

“Ni kweli, au unaamini?”

“Kila mtu anajua!”

“Kila mtu ni chombo gani cha kupimia?”

“Mama yangu ni chombo,” alidakia kijana mmoja, Keith, mtoto wa watu waliorudi kutoka Uganda. “Anajua mpaka rangi ya mapazia ya majirani.” Wakacheka, isipokuwa Kaliza na mimi.

“Swali zuri,” alisema Mwalimu Shafiq, “ni lile ambalo hujui jibu lake, na unaweza kwenda kulitafuta kwa macho, kwa mikono au kwa kipimo. Na liwe na ujasiri wa kukuambia umekosea. Swali la Kaliza haliwezi kumwambia Kaliza amekosea. Jaribuni tena.”

Keith akaandika: Nani alitutia sumu?

“Umelibadilisha kofia tu. Bado lina sumu ndani, na bado linatafuta mtu.”

Mwingine akaandika: Ni kitu gani kilituumiza?

“Hilo limetema jibu, vizuri. Lakini ni pana kama tambarare za Bugesera. Utaanza kulima wapi?”

Wakakwama. Ndipo msichana mnene mchangamfu, anayeitwa Pretty, akasema kwa kinyongo, “Mimi nilitapika mpaka nikamwita marehemu bibi. Mbona Keith hakuugua?”

“Tumbo langu limelelewa Mbarara,” alisema Keith.

“Hapo hapo!” Mwalimu Shafiq aligonga ubao. “Pretty aliugua, Keith hakuugua. Walitofautiana nini siku ile? Hilo tunaweza kulihesabu.”

Wakaanza kusema wote pamoja. Keith alikaa wapi, alikunywa maji gani, alinawa au hakunawa, na kunawa hakunawa, alikiri mwenyewe. Kisha mmoja akasema, “Keith hupanga mstari wa kulia.”

Niliposikia hivyo, niliacha kufagia. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa watakuja na uongo. Sasa niliogopa watakuja na ukweli. Uongo nilikuwa nimeuzoea. Ukweli ulikuwa na mikono yangu ndani yake.

“Mama Natacha,” aliita Mwalimu Shafiq, “tusaidie, mama. Mstari wa kushoto ulipakuliwa sufuria gani, na wa kulia gani?”

Nilisimama na ufagio. Maishani mwangu swali lilikuwa likija na jibu lake mkononi, kama askari na pingu. Nilimtazama nione pingu ziko wapi. Alisubiri tu.

“Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Nalo tutaliandika.”

“Kushoto ni ya kikapu,” nilisema. “Kulia ni ya motoni.” Nikarudi kufagia mahali nilipokuwa nimekwisha kufagia.

Siku ya pili wakati wa mapumziko walizunguka madarasa yote na daftari. Kaliza ndiye aliyekuwa akihesabu, kwa uso wa kutaka kunikamata. Mstari wa kushoto, watoto sitini: walioumwa arobaini na saba. Mstari wa kulia, sitini: aliyeumwa mmoja, naye ni Pretty.

“Pretty, wewe wa kulia, umeumwaje?” aliuliza Kaliza.

Pretty akatazama viatu vyake. “Nilipanga na kushoto pia.”

“Mara mbili!”

“Nilikuwa nafanya utafiti.”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa dirishani na ndoo, nikamwona Kaliza anaacha kucheka kabla ya wengine. Alikuwa analiangalia daftari. Kama mtu angetia sumu, kwa nini atie sufuria moja? Niliona wazo hilo likipita usoni mwake, na likamsumbua.

Mchana huo huo Mwalimu Shafiq aliwaazimia jikoni sufuria kubwa, akanunua maharagwe mekundu yaleyale, akafunga kipimajoto kwenye kijiti kirefu. “Maharagwe mekundu mabichi yana sumu yake yenyewe ya kuzaliwa nayo,” aliwaeleza. “Yakichemka kwa nguvu na kwa muda, inakufa. Yakipata joto la vuguvugu tu, inabaki hai. Hapa kwetu milimani maji yanachemka karibu nyuzi tisini na tano. Haya, nipeni swali.”

Kaliza alilitunga polepole, akifuta na kuandika upya: Maharagwe yakae motoni dakika ngapi ndipo katikati ya sufuria hii ichemke? Hakuna jina la mtu ndani yake. Nililisoma mara tatu nihakikishe.

Walipima kila dakika kumi. Baada ya dakika ishirini pembeni palikuwa panatoa povu, katikati nyuzi sitini na nane. Ilifika saa nzima na zaidi ndipo katikati ikaruka kwa kuchemka. Chakula kile hakikuliwa na mtu, kilimwagwa shimoni. Kaliza alinifuata kwenye bomba.

“Mama, siku ile zilikuwa dakika ngapi?”

“Mimi sina saa,” nilimjibu. Na ni kweli, sina. Lakini nilipoyasema maneno hayo nilijisikia kama nimetia kidole gumba kwa mara ya pili.

Jean-Paul alikuwa ameshanikuta asubuhi ile nyuma ya stoo. Aliona vijana na daftari lao, akacheka akasema wanacheza. Kisha akasogea karibu. “Mama Natacha, usisahau nani alikuokota. Kikapu hakina kosa. Mpishi ndiye mwenye sufuria. Wakiuliza, mimi sikuwepo jikoni.”

“Ndiyo, ekonomu.”

“Tena habari za Rebero mimi sikuzitoa.” Akanitazama. “Mpaka sasa.”

Nikakumbuka bahasha mezani kwa Diregiteri. Alikuwa amekwisha kuzitoa.

Jumatano kamati ilikaa ukumbini, wazazi tisa kwenye meza ndefu. Walinipa kiti peke yangu, mbali, kama mgonjwa wa kikohozi. Klabu ya sayansi walikaa kwenye benchi la nyuma na karatasi yao kubwa imekunjwa. Diregiteri alisema ya watoto itaangaliwa mwisho, muda ukibaki. Mama wa Kaliza alikuwepo. Hakuniondolea macho hata kidogo.

Mwalimu Shafiq alikuwa amemdokezea Diregiteri habari za kikapu, kwa hiyo alianza na Jean-Paul. “Ekonomu, ni wewe uliyeamuru maharagwe yatolewe kabla ya kuiva?”

“Hapana, Diregiteri. Mimi ni mtu wa stoo.”

“Ulikuwepo jikoni?”

“Nilipita tu.”

“Ulikiona kitu chochote kibaya?”

“Huyu mama ni mtu wa kazi. Lakini,” akainua mabega, “mambo yake ya zamani siyo mimi wa kuyasema.” Na wazazi wakageuka wote pamoja kunitazama, kwa kuwa habari za Rebero walikuwa nazo tayari.

“Mama Natacha, una la kusema?”

Nikisema ni yeye aliyeniamuru, ni neno la mtu wa sumu dhidi ya neno la ekonomu, na hapo mezani nilijua uzito wa kila moja. Maswali yote aliyoulizwa yalikuwa na tumbo kubwa. Aliyaona kutoka mbali, akayafungia mlango. Nikamtazama Mwalimu Shafiq. Alikuwa anatazama sakafu, hakujua ninachokiwaza.

“Mimi sikusoma,” nilisema. “Ekonomu ndiye anayekijua kile kikapu. Naomba anifundishe hapa mbele ya wazazi, ili hata mpishi mwingine akija, ajue. Ili kikapu kifanye kazi vizuri, maharagwe yakae motoni dakika ngapi?”

Uso wa Jean-Paul ulifunguka. Siku nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu alichokipenda.

“Ishirini,” alisema, akiwageukia wazazi. “Ishirini, basi. Nimepima nyumbani kwangu mara tatu, yanaiva laini kama siagi. Lakini hawa wanawake ni wabishi, wanataka kuchoma kuni mpaka jioni! Ilibidi Alhamisi nisimame mwenyewe na saa ndipo watoe.”

“Na nyumbani sufuria ni kubwa kiasi gani?” niliuliza.

Akaonyesha kwa mikono. Sufuria ya watu watano.

Alikuwa bado amepanua mikono alipoanza kusikia alichokisema. Huko nyuma benchi likalia. Kaliza alikuwa amesimama na kuikunjua karatasi, na ingawa hakupewa ruhusa, akasoma kwa sauti iliyokwaruza. Kushoto arobaini na saba, kulia mmoja aliyepanga mara mbili. Dakika ishirini, katikati nyuzi sitini na nane. Mama yake akasema, “Kaliza, kaa.” Hakukaa mpaka alipomaliza.

Waliniuliza nami niliona nini, nikawajibu; wakaandika kwamba ilikuwa ajali ya upishi, na neno sumu wakalifuta. Nilikaa pale mpaka nikaliona limefutwa kwa macho yangu, kisha nikaomba karatasi niisome yote mwenyewe, polepole, wao wakinisubiri. Nilipofika mahali pameandikwa kwamba mpishi aliona maharagwe hayajaiva akanyamaza, nilisema, “Hapo ni kweli,” nikaweka sahihi. Siyo kidole.

Jean-Paul amehamishiwa shule nyingine. Wanasema ana ofisi nzuri kuliko ile. Bahasha ya Rebero sikurudishiwa, wala sikuelezwa ilikwenda wapi. Hakuna aliyekuja kuniambia tumekukosea, na sisubiri tena. Gahanga bado kuna nyumba tatu ambazo nikipeleka uji wa mtama wanaupokea kwa mikono miwili, wanashukuru, na asubuhi naona umemwagwa chini ya migomba. Namba za watoto hazikufika huko. Gari likisimama barabarani karibu na kwangu, bado nahesabu hatua za watu wanaoshuka.

Nilirudi jikoni Jumatatu iliyofuata. Saa sita na nusu nilisimama mbele ya watoto, nikachota sufuria zote mbili, safari hii punje na si mchuzi. Mia na ishirini walikuwa wanaangalia koo langu. Kaliza alikuwa wa kwanza kushoto. Nilitia mwiko mdomoni, na kabla sijameza alikuwa amekwisha kunyoosha sahani yake.

“Subiri nimeze,” nilimwambia.

“Nimesubiri, mama,” alisema. “Yalichemka saa nzima na dakika kumi. Nilikuwa dirishani.”

Nikameza hata hivyo. Kisha nikampakulia.